Ua la Dirishani

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.

Somo: Yohana 20, mstari wa 11 hadi wa 18.

Leo nataka kuwaeleza habari ya ua moja, na jinsi nilivyotafuta jina lake.

Katika nyumba yetu hapa Voi lipo dirisha ambalo kwalo kilima cha Mbololo huonekana vizuri asubuhi, kabla joto halijapanda. Hapo dirishani mke wangu aliweka mkebe wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa matundu chini, na ndani ya mkebe huo palikuwa na mmea mdogo. Haukuwa mrefu kupita shubiri moja. Ulikuwa na majani ya duara, laini, yenye nywele kama za mgongo wa nyuki, na maua madogo ya rangi ya zambarau.

Mmea huo ulikuja nyumbani kwetu kwa njia isiyo ya kawaida. Mke wangu aliugua kwa muda mrefu, akalazwa hospitalini mara nyingi. Siku moja aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilimwona ameshika jani moja limefungwa katika karatasi iliyoloweshwa maji. Nikamwuliza, "Mama, hiyo nayo ni dawa?" Akacheka, akasema, "La, Baba, hii ni zawadi. Nimepewa na yule mama wa kitanda cha pili. Asema nilichomeke tu katika udongo, litaota lenyewe." Nikasema moyoni, jani moja litaota nini? Lakini liliota. Baada ya miezi michache jani lile lilizaa vijimea vidogo chini yake, na kabla mwaka haujaisha maua yakafunguka. Kila mgeni alipouliza jina la ua lile, mke wangu alijibu, "Jina silijui. Hili ni la mama wa hospitali."

Ndugu zangu, mke wangu alilala katika Bwana. Watu walikuja, wakatufariji, wakaimba nasi, kisha wakarudi makwao kama ilivyo desturi. Watoto nao wakarudi kazini. Nikabaki mimi, na viti, na ule mkebe dirishani.

Nikajisemea, mmea huu nitautunza. Nikautunza kama ninavyojua kutunza mchicha. Nilichota maji baridi kwa kikombe, nikayamwaga juu ya majani kila asubuhi. Kisha nikaona dirishani hapana jua la kutosha, nikautoa nje uani ili upate nguvu. Ninyi mnaolijua jua la Voi mwezi wa pili mwaweza kukisia yaliyofuata. Majani yakapata madoa ya rangi ya kahawia. Mengine yakajikunja pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Katikati, pale majani machanga yatokapo, pakaanza kuoza. Nikaongeza maji. Ukazidi kuoza.

Nikaona ya kuwa kitu cha mwisho alichokipanda mke wangu kwa mikono yake kinafia mikononi mwangu, wala si kwa kukosa upendo. Upendo ulikuwapo. Maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni kwamba sikujua ninamtunza nani.

Basi nikaanza kuuliza. Jirani mmoja akasema kwa hakika kabisa ni begonia. Muuza miche wa kando ya barabara akaniambia, "Mzee, hilo ni ua la nyumbani tu, nunua jingine." Binti yangu aliye Mombasa akaniambia nimtumie picha kwa simu, naye akaitia katika programu inayotambua mimea. Simu ikatoa majina matatu, na kila moja lilikuwa mbali na jingine kama Taveta ilivyo mbali na Lamu. Sikuilaumu simu. Nilikuwa nimeipelekea picha ya majani matatu yaliyoungua, bila ua, bila shina. Nani angetambuliwa kwa hali hiyo?

Siku moja akaja kunitazama mwalimu mmoja mzee, mzaliwa wa Mbololo, aliyefundisha elimu ya viumbe katika shule za sekondari mpaka akastaafu. Alikuja kwa ajili ya msiba, maana siku za mazishi alikuwa safarini. Tulipokwisha kuomba, nikamwonyesha mkebe. Nikaanza kumwambia, "Mwalimu, wengine wasema ni begonia, wengine wasema..." Akainua mkono. "Mchungaji," akasema, "tafadhali usinitajie majina waliyokupa. Acha kwanza tuutazame."

Akavaa miwani. Akaugeuza mkebe polepole. Nami nawaeleza alivyofanya, kwa maana huenda nawe una mmea usioujua uani kwako, na njia ni hiyo hiyo.

Kwanza alitazama jinsi majani yalivyokaa. Hayakupangwa juu ya shina lililosimama. Yote yalitoka mahali pamoja karibu na udongo, yakazunguka kama miali ya gurudumu. Kisha akashika jani moja kwa vidole viwili. Lilikuwa nene, lenye maji ndani, lenye nywele pande zote, na kikonyo chake kilikuwa kirefu. Akalitazama upande wa chini. Akalinusa. Halafu akasema, "Jina sijalijua bado, lakini majani yamekwisha kuniambia neno moja. Haya si majani ya jua. Jani pana, laini, la kijani kilichokolea namna hii ni la mmea unaoishi kivulini, penye ubaridi. Urudishe dirishani leo, mahali ambapo mwanga wafika lakini jua halichomi. Wala usiyamwagie majani maji baridi. Weka maji yaliyopoa joto kidogo katika kisahani chini ya mkebe, mmea unywe wenyewe, kisha yaliyobaki uyamwage."

Nikamwuliza, "Na jina?" Akaonyesha tumba moja dogo lililokuwa limejificha chini ya jani, ambalo mimi sikuwa nimeliona. "Jina litasemwa na huyu. Majani ya mimea mingi hufanana. Ua ndilo lisemalo ukoo. Nitarudi likifunguka."

Akarudi baada ya siku nane. Nami katika siku hizo nane niliutazama mmea ule kuliko nilivyoutazama miaka yote mke wangu alipokuwa hai.

Ua lilikuwa limefunguka. Mwalimu akanionyesha kwamba lina sehemu tano, lakini si sawa: mbili za juu ni ndogo, na tatu za chini ni kubwa zaidi, nazo zote tano zimeungana mahali pamoja chini. Katikati palikuwa na vifuko viwili tu vya chavua, vya rangi ya manjano iliyong'aa, vimekaa kama punje mbili za mtama. Kutoka hapo kilichomoza kijiti chembamba kilichoinama upande mmoja. Akanusa tena, hapakuwa na harufu. Akavua miwani, akatabasamu.

"Mchungaji," akasema, "wauza maua huuita kwa Kiingereza African violet, yaani urujuani wa Afrika. Lakini jina hilo ni la kufananisha tu. Urujuani wa kweli wa Ulaya una petali zilizoachana, na nyuma ya ua una kipembe kidogo kama kidole. Huu hauna. Walifananisha rangi, wakatoa jina. Wataalamu waliuita Saintpaulia. Na tena nikuambie neno. Umeketi hapa ukidhani mmea huu ni mgeni kutoka ng'ambo. Si mgeni. Huyu ni wa mlangoni pako." Akanyosha kidole dirishani, akaonyesha Mbololo.

Wasikilizaji wangu, nataka mjue habari aliyonieleza siku ile, kwa maana ni habari yetu sisi watu wa Afrika Mashariki, na wengi wetu hatuijui.

Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka vipande vilivyokaushwa vya mmea wa namna hii katika bustani ya mimea ya Kew, karibu na London. Mwaka 1887 vikafuata vingine, vilivyokusanywa pwani yetu ya Kenya na mchungaji mmoja, W. E. Taylor, mmisionari wa CMS aliyekaa Mombasa. Wengine mwalijua jina lake, kwa maana ndiye aliyekusanya methali za Waswahili katika kitabu kilichochapwa mwaka 1891. Mtu aliyesikiliza sana maneno ya wenyeji alikuwa pia na jicho la kutazama kilichoota miambani. Lakini vipande hivyo vilivyokaushwa havikutosha kuutambulisha mmea. Vikawekwa, na ua likabaki bila jina.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa serikali huko Tanga, aliuona mmea huo katika nchi ya Usambara. Yeye aliupeleka kwa baba yake Ujerumani ukiwa na uhai ndani yake, ili uote. Baba yake akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Huko uliota, ukachanua mbele ya macho yake, naye mwaka 1893 akaupa jina la Saintpaulia ionantha kwa heshima ya nyumba ile ya Saint Paul. Kutoka hapo ulienea Ulaya, kisha Marekani, ambako watu wa Los Angeles tangu miaka ya 1920 waliuzalisha kwa rangi nyingi. Leo hukaa katika madirisha ya dunia nzima. Na baadhi ya wajukuu hao wa Usambara hurudi kwetu katika vyungu vya plastiki, nasi huwanunua tukidhani ni wageni.

Mnaona tofauti, ndugu zangu? Kirk alipeleka vipande vikavu, Taylor alipeleka vipande vikavu, na jina halikupatikana. Lilipatikana pale mtu alipokaa na mmea ulio hai mpaka ukamchanulia.

Na Mbololo je? Mwalimu alinieleza ya kuwa aina ile ya Mbololo si ile ya Usambara wala si ile ya dirishani kwangu, bali ni ndugu yao. Mtaalamu B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliiandika rasmi mwaka 1958, akaiita Saintpaulia teitensis, yaani ya Taita. Aina hiyo haiishi mwituni pengine popote duniani. Haipo Usambara, haipo Shimba, wala haipo upande wa pili wa bonde katika milima ya Dawida. Ipo Mbololo tu. Mungu ameiweka juu ya kilima kimoja tunachokitazama kila siku tukienda sokoni, nasi hatukujua.

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokwisha kuanza, mwalimu akanipeleka. Tulipanda gari la abiria kwenda upande wa Tausa, kisha tukaenda kwa miguu, mimi nikipumzika mara nyingi kuliko yeye, ingawa amenizidi umri. Chini tuliacha vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Tukapita mashamba ya mahindi na migomba. Halafu tukaingia msituni, na hewa ikabadilika kama mtu aliyeingia katika nyumba ya mawe. Ule ukungu unaotoka baharini hukutana na kilima, nao hudondoka kutoka majani hata siku isiyo na mvua. Msitu huo si mkubwa. Una kama hekta 200 tu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuuzunguka kwa siku moja.

Mwalimu akaniongoza hadi kwenye jabali lenye kuvu la kijani, lililofunikwa na kivuli. Akasema, "Tazama, usiguse." Nikainama. Pale katika ufa wa mwamba, penye udongo usiozidi kijiko, palikuwa na majani yaliyokaa kama gurudumu, yenye nywele, na katikati ua dogo la zambarau lenye vifuko viwili vya manjano. Ndugu zangu, sikuweza kusema neno. Niliona dirisha letu. Niliona mkono wa mke wangu ukisogeza mkebe.

Nilitamani kuchukua mmoja. Nawakiri hilo. Mwalimu akaniona, akasema kwa upole, "Mchungaji, huu hapa hauna kwingine kwa kwenda. Nyumbani unao wa kukutosha. Huu uache kwa Mwenyewe." Akaniomba pia nisiwaeleze watu ni jabali lipi, nami sitawaeleza. Sehemu kubwa sana ya msitu wa asili katika milima yetu imekwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mbao. Zamani wazee wa Taita walikuwa na vijisitu vyao vya fighi, ambavyo hakuna mtu aliyethubutu kutia panga ndani yake. Sisi tuliosoma, tunaoimba kanisani kwamba dunia ni mali ya Bwana, je, panga letu lina adabu kuliko lao? Mti mkubwa ukiangushwa, jua hulifikia jabali, na ua lile halitaungua kwa chuki ya mtu yeyote. Litaungua kama langu lilivyoungua uani, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni nani anayeishi pale.

Sasa nisikilizeni, kwa maana nimefika mahali panaponiuma.

Tulipokuwa tukishuka, mwalimu akaniuliza, "Na yule mama aliyempa marehemu jani, aliitwa nani?"

Nikasimama njiani. Sikuwa na jibu.

Nilikwenda hospitalini ile karibu kila siku kwa majuma mengi. Kitanda cha mke wangu kilikuwa upande wa ukuta, na cha yule mama kilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Nilimpita nikiingia, nikampita nikitoka. Nilisema, "Pole, mama," kama wachungaji tusemavyo, nikaketi kwa mgongo wangu upande wake. Niliomba kwa sauti, naye akasema "Amina" nyuma yangu. Sikumwuliza jina. Sikumwuliza ametoka wapi, wala kama ana mtu wa kumletea uji. Nilimwona kitenge chake na kikombe chake, nikajua ni mgonjwa, basi. Nilimpa jina kwa jani moja lililonyauka, kama ile simu.

Lakini mke wangu, aliyekuwa mgonjwa kuliko mimi, alimgeukia. Wakazungumza usiku, taa zilipozimwa. Na mama yule, ambaye mimi sikumwona, alitoa nyumbani kwetu zawadi inayonifariji mpaka leo.

Tazameni ajabu hii. Mimi leo nalijua jina la ua kwa lugha za watu watatu. Najua jina la Mjerumani aliyelipeleka Ulaya, na la Mwingereza aliyeandika habari za lile la Mbololo. Najua hata kwamba mwaka 2015 wataalamu walichunguza chembe za urithi wa mmea huu, wakaona walikosea kuuhesabu mbari ya peke yake. Wakauingiza katika mbari ya Streptocarpus, ambayo jina lake maana yake ni tunda lililosokotwa. Tunda la Saintpaulia halikusokotwa, ndiyo sababu kwa zaidi ya miaka 120 walidhani si wa nyumba hiyo. Yote hayo nayajua. Na jina la mama aliyetoa jani silijui.

Sasa tugeukie somo letu la leo. Maria wa Magdala alikwenda kaburini asubuhi, akilia. Yesu alikuwa amesimama mbele yake, naye hakumtambua. Yohana aeleza ya kuwa alimchukua kuwa mtu wa kulima bustani, akamwomba amwonyeshe mwili ulikowekwa. Maria alimpenda Bwana kuliko wengi, lakini machozi yalikuwa machoni pake, na hakutazamia kumwona pale. Upendo wake haukutosha kumtambulisha. Ni nini kilichomfumbua macho? Bwana hakumpa hoja, wala hakumweleza habari ndefu. Alimwita kwa jina lake. Neno moja tu, nalo ni jina lake Maria. Papo hapo akageuka, akamjua.

Basi, wapenzi, Mungu wetu ni Mungu ajuaye majina. Katika sura ya kumi ya Injili hiyo hiyo Yesu ajifananisha na mchungaji ambaye huwaita kondoo wake mmoja mmoja kwa majina yao. Huwaita wale wa mstari wa mbele, na yule wa nyuma pia. Na sisi tulioitwa hivyo, je, twawaitaje wenzetu?

Voi yetu ni mji wa njia panda. Reli ya Mombasa imepita hapa, barabara ya Taveta inaanzia hapa, na watu wa kila kabila wamekuja kwa kazi za mkonge, za mbuga, za magari na za biashara. Jumapili huingia kanisani mtu mgeni, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Twamtazama mara moja. Mavazi yake yamechakaa, twamwita mvivu. Ametoka mbali, twamwita mtu wa bara. Hakuimba, twasema hajaokoka. Na huenda tumemwona katika juma ambalo jua limemchoma kuliko majuma yote ya maisha yake. Kwa jani moja lililoungua twajua nini?

Hata nyumbani ni hivyo. Baba, mtoto wako anyamazapo siku nyingi, usikimbilie kusema ana kiburi. Mama, mkwe wako akosapo furaha, usiseme amezaliwa hivyo. Mtazame kwanza. Ukaribie mwangaza pamoja naye. Ngoja tumba lifunguke, hata kama ni siku nane. Na wakati unapongoja, mwondoe kwenye jua kali, kwa maana kabla hatujajua yote juu ya mtu, twaweza kujua yanayotosha kuacha kumwumiza.

Wengine mtauliza, ule mmea ulipona? Ulipona. Sehemu iliyooza niliikata kwa kisu safi, kama mwalimu alivyoniagiza. Majani mazima matatu niliyachomeka kwa vikonyo vyake katika mchanga wenye unyevu, nikayaweka kivulini. Yaliota yote. Leo akina mama wa kanisa letu wana mikebe yenye ua hilo katika madirisha yao, nami kila anayechukua jani nampa sharti moja. Namwambia, "Likikua, nawe utoe jani, umpe mtu ambaye hukuwa unalijua jina lake. Ulijue kwanza, ndipo umpe." Nami mwenyewe nikienda hospitalini siku hizi, siketi kabla sijauliza jina la mtu wa kitanda cha pili.

Na wewe mama uliyekuwa kitanda cha pili, sijui kama ungali hai, wala sijui kama una redio. Ikiwa unanisikia asubuhi hii, nakuomba radhi. Rafiki yako ametangulia mbele za Bwana. Jani lako lingali hai, nalo limekuwa mengi. Bwana alijuaye jina lako akubariki.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, uliyefanya maua ya mwituni, na kila moja walijua, tunakushukuru. Tusamehe kwa watu tuliowapita bila kuwatazama. Tupe macho ya subira na mikono isiyo na haraka. Wafariji wote wanaotazama leo kiti kitupu au dirisha lililoachwa na mpendwa wao. Waite kwa majina yao, kama ulivyomwita Maria, wapate kujua ya kuwa Wewe u karibu. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi. Nendeni kazini kwa amani.